Mama Brashi Aaga Darasa la Waliorudi

Baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha sanaa katika kituo chetu cha watu wazima wanaorudi kumaliza sekondari, Mama Brashi anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba. Tunaagana naye kwa shingo upande, maana nafasi yake haijapata mtu, na kipindi cha sanaa kinaondoka naye.

Alianza na meza moja, ndoo ya maji na wanafunzi waliodhani kuchora ni mambo ya watoto. Muuza nyama mmoja alipoambiwa achore ng'ombe, alimchora akiwa ameshakatwa: paja huku, mbavu kule. Mama Brashi alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akamwambia, "Kitoweo nimekiona. Sasa nichoree anayetembea." Muuza nyama huyo alimaliza kidato cha nne, na ng'ombe wake, mzima safari hii, ametundikwa ukutani buchani kwake.

Lakini hatutamsahau mshonaji. Aliacha shule akiwa mjamzito, akarudi akiwa na watoto watatu na woga wa kusoma mbele za watu. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa akimtania: "Mama mzima unakwenda kupaka rangi!" Mama Brashi hakumlazimisha kusoma. Alimwomba ashone joho la hakimu kwa ajili ya mchezo wetu wa kuigiza. Lilipokamilika, akamvisha yeye mwenyewe. Siku ya maonyesho, mshonaji alitoa hukumu kwa sauti iliyofika hadi getini. Mama mkwe wake aliinuka katikati ya watu: "Kumbe mkwe wangu ana sauti hii, na nyumbani ananinyamazia!" Mwaka huohuo mshonaji alifaulu mtihani.

Wiki iliyopita dereva yule alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Naye aliishia kidato cha pili, na alitaka kuanzia kwenye darasa lililomfungua mkewe mdomo. "Nimechelewa, Mwalimu?"

"Hujachelewa, baba," Mama Brashi akamjibu. "Sisi ndio tumewahi kufunga."

Akampeleka ofisini kuandikishwa Hisabati na Kiswahili. Aliporudi, akaanza kuosha brashi zilizokwisha kuoshwa.

Mama Brashi, asante kwa kila aliyeingia hapa ameinamisha kichwa akatoka ameuinua uso. Tunasikitika kwamba hatukukupatia wa kukupokea kijiti. Nenda kapumzike, mama yetu. Uchore upendacho mchana kutwa, na kengele yoyote isikukatize.