Shangazi Subiri Akabidhi Ufunguo wa Geti

Ijumaa hii, tarehe thelathini Novemba, Shangazi Subiri anatimiza miaka kumi na tisa ya kusimama kwenye geti la shule yetu, na ndiyo siku yake ya mwisho. Tunasema anastaafu, ingawa hakuwahi kuajiriwa. Hakupewa mshahara wala cheo, na hana mtoto aliyewahi kusoma hapa. Hana mtoto kabisa. Sherehe ni ya furaha, keki imeshafika na viti vimepangwa, lakini mimi ninayeandika, mwalimu wa darasa la kwanza, naandika kwa hofu. Sababu mtaiona huko mbele.

Shangazi alikuwa mwoka mikate katika duka lililo nyuma ya shule. Kazi yake ilianza alfajiri na kumalizika mchana, kwa hiyo alipita mbele ya geti letu kila siku wakati kengele ya kuondoka inalia. Aliona watoto wakimwagika barabarani kama njegere kutoka kwenye mfuko uliotoboka, na watu wazima wakiwazoa. Huyu anashika mkono, yule anabeba begi, wanaondoka, na hakuna anayeuliza nani kamchukua nani. Siku moja aliingia ofisini kwa mwalimu mkuu wa wakati ule, unga ukiwa bado kwenye nyusi, akaomba aruhusiwe kusimama pale. Aliulizwa swali ambalo yeyote angeuliza: kama huna mtoto hapa, unatafuta nini kwa watoto wa watu? Alijibu kwamba anaogopa tu. Mwalimu mkuu alidhani anataniwa, lakini akamruhusu.

Wazazi nao walimwogopa yeye. Walimtazama kwa jicho la pembeni, wakawaonya watoto wasipokee hata pipi yake. Baba mmoja alimchunguza wiki nzima akiwa amejificha nyuma ya gazeti, na gazeti lenyewe alikuwa amelishika juu chini. Shangazi hakukasirika hata kidogo. Alisema wana haki kabisa, hata yeye angekuwa mzazi angejichunguza.

Jina lake lilitokana na neno lake. Mtu mzima yeyote aliyekuja kuchukua mtoto aliambiwa asubiri. Kisha Shangazi alichuchumaa, akamuuliza mtoto mlango wa kwao unafunguliwaje, na mtoto akamnong'oneza sikioni. Halafu aliinuka na kumuuliza mtu mzima swali lilelile. Majibu yakilingana, haya, nendeni. Alitueleza kwamba jina la mtoto na darasa lake mtu anaweza kuyasikia popote, lakini namna mlango unavyofunguka anaijua anayeishi humo. Tena, mtoto mdogo hawezi kumkana mtu mzima mbele ya uso wake, ila kuhusu mlango wa kwao atasema bila woga.

Watoto walilipenda swali hilo mno, na baadhi yao hawakujua kunong'ona. Mmoja alitangaza mbele ya foleni nzima kwamba baba huingilia dirishani siku ambazo mama amenuna, na baba mwenyewe alikuwa amesimama palepale. Hata mwalimu mkuu wetu wa sasa aliwahi kuzuiwa alipokuja kumchukua mpwa wake. Mtoto alikuwa amekasirika siku hiyo, akagoma kusema lolote. Bosi wetu akabaki nje ya shule yake mwenyewe, jasho likimtoka, mpaka mpwa aliporidhika.

Tulicheka sana siku hizo. Kisha ikaja siku ya mvua kubwa, na tangu hapo hatujacheka vilevile. Mwanamume mmoja alifika na mwavuli mpana, shati limepigwa pasi, akamtaja kwa jina msichana wa darasa la pili, mtoto wa mama anayefanya kazi kwa dobi. Alijua hata jina analoitwa nyumbani. Alisema yeye ni mjomba, na kwamba mama ameanguka kazini, yuko hospitali. Sisi walimu tuliokuwa barazani tulishaanza kutoa pole, na mmoja wetu alishamvalisha mtoto begi. Shangazi akasema subiri. Mtoto akanong'ona. Mwanamume alipoulizwa alicheka, akajibu kwamba mlango unafunguliwa kwa ufunguo, mama, kama milango yote.

Shangazi alimsogeza mtoto nyuma ya gauni lake, akafunga kufuli. Kwao msichana yule hakuna anayetembea na ufunguo; bibi yake hashindi popote ila ndani, unagonga dirisha naye anaondoa komeo. Mwanamume alisema anakwenda kupiga simu, akatembea taratibu, mwavuli ukapinda kona. Baada ya muda mama alifika, mzima wa afya, amelowa chapachapa, akishangaa kukuta geti limefungwa. Alipoelezwa alikaa chini, kwenye maji. Polisi walikuja, wakauliza, wakaondoka. Mpaka leo hatujui yule alikuwa nani, wala alikotoa jina la nyumbani la mtoto. Mimi nikiona mwavuli mpana mtaani bado nasimama kumtazama aliyeushika.

Nasimulia haya ili mwelewe kwa nini Shangazi anaondoka. Muhula huu, mtoto wa darasa langu alimnong'oneza, mtu mzima akajibu, Shangazi akaitikia kwa kichwa, wakaenda zao. Baadaye nilimkuta katika chumba cha walimu, chai imepoa mbele yake. Aliniambia kwamba hakusikia. Masikio yamechoka, na mtoto yule ana sauti ndogo. Tulipiga simu kwao, mikono ikikosea namba, na tukaambiwa mtoto yuko mezani anakula. Sisi tulishusha pumzi. Yeye hakushusha. Alisema kilichomtisha si masikio. Kilichomtisha ni kwamba alimwachia mtoto bila kusikia, na hakuogopa. Alikuwa anawaza vitunguu vya kununua njiani.

Kamati ilipendekeza geti apewe mwalimu wa michezo, mwenye mabega yanayojaza mlango. Shangazi alimshukuru, akamkataa, akisema kijana huyu haogopi kitu. Kisha akaninyooshea kidole mimi. Wenzangu waliangua kicheko, maana wananijua: ndiye ninayepanda kiti nikiona mende, ndiye ninayerudi kutoka kituo cha basi kuhakikisha nimefunga dirisha la darasa. Shangazi alisubiri wamalize kucheka, akasema ndiyo maana amenichagua.

Wiki hii amenifundisha kazi. Jana kengele ilipokaribia kulia nilimuuliza aliwezaje kusimama imara vile, mikono imeshika nondo za geti kama askari. Aliitoa kwenye nondo, akanionyesha. Ilikuwa inatetemeka. Alisema imetetemeka kila mchana tangu siku ya kwanza, na aliishikiza pale ili watoto wasiione.

Shangazi Subiri, kwa niaba ya walimu, wazazi uliowaudhi, na watoto ambao wote walifika kwao, asante. Ulikuja hapa bila mtoto, na hakuna mtoto wa shule hii ambaye hukumhesabu kuwa wako. Nenda ukapumzike. Fungua mlango wako kwa namna yoyote unavyofunguka, keti, na kengele ikilia mchana usiinuke. Tunakutakia usingizi mrefu na mikono iliyotulia. Yangu imeshaanza kutetemeka.