Mikono Mikavu ya Mama Viwavi

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogeza kiti karibu na redio. Na wewe uliyeko jikoni, punguza moto kidogo, usije ukaunguza chakula halafu ukanisingizia mimi.

Kitendawili! Nawasikia huko: tega. Haya. Nyumba yangu ina watoto elfu, kila mmoja na chumba chake. Ukiwalaza pamoja, asubuhi unamkuta mmoja tu, tena kanenepa.

Msinipe mji, sina pa kuuweka. Jibu ni viwavi, wale wanaotafuna mahindi shambani. Ukiwaweka pamoja wanalana wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana kila kiwavi lazima akae peke yake, kwenye kikombe chake, na chakula chake, na kifuniko chenye vitundu vya hewa.

Aliyewapa vyumba hivyo, asubuhi baada ya asubuhi, kwa miaka thelathini na mmoja, ndiye tunayemkumbuka leo. Walimwita Mama Viwavi. Alikuwa fundi wa maabara ya wadudu, chuo kikuu. Alitutoka Jumanne iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Huo mkono uwekeni akilini. Tutaurudia.

Chumba chake cha kazi kilikuwa mwisho wa ujia, mlango wa kijani, joto la kukutoa jasho hata nje kukiwa na baridi. Humo ndimo watafiti walimochukua viwavi wa kuwafanyia majaribio, wajue namna ya kuwazuia wasimalize mazao ya watu. Bila Mama Viwavi hakuna viwavi. Bila viwavi hakuna utafiti. Maprofesa walikuja wakaondoka. Yeye alibaki.

Alipika chakula chao kwenye sufuria kubwa: unga wa mahindi, maharage yaliyosagwa, hamira, kikapoa kikaganda. Akakikata, akakitia kikombeni, akakibonyeza kwa kidole gumba kikae sawa. Kisha akachukua brashi nyembamba, nywele zake laini kama kope, akambeba kiwavi mchanga ambaye mimi na wewe tungedhani ni vumbi. Mmoja, kikombe kimoja. Mmoja, kikombe kimoja. Vikombe elfu moja na mia mbili.

"Hawajui sikukuu hawa," alikuwa akisema. "Tumbo lao halina kalenda." Kwa hiyo alikwenda kazini siku zote saba za wiki. Hata asubuhi ya harusi ya dada yake alipita kwanza kulisha, akafika ukumbini na unga kwenye kiwiko.

Lakini mikono yake, jamani. Kuosha vikombe kwa dawa kulimkausha, ngozi ikapasuka kwenye vifundo, hata kushika chumvi ikawa adhabu.

Binti yake, ambaye ni mtoto wake wa pekee, alisomea unesi. Siku alipopata mshahara wake wa kwanza hakujinunulia hata kitambaa cha kichwa. Alikwenda duka la dawa. Alijua mama yake hatumii kitu chenye manukato, kwa sababu ya wadudu. Akachagua chupa ya mafuta ya mikono iliyoandikwa mbele kwa herufi kubwa: hayana manukato.

"Mama, lete mikono," akasema jioni hiyo.

"Na hii mikono ya mamba utaiweza?"

"Nitaiweza. Nimesomea."

Akampaka kidole kimoja kimoja. Na kila jioni Mama Viwavi akawa anajipaka. Mikono ikaanza kulainika. Huo ulikuwa mwaka wake wa ishirini na mbili kazini.

Baada ya wiki tatu, viwavi wakaanza kufa.

Sikilizeni vizuri hapa. Kiwavi ili akue lazima ajivue ngozi ya zamani. Hawa walishindwa kujivua. Walikuwa wakibaki nusu ndani, nusu nje, wakanyauka. Vikombe mia, kesho mia mbili, keshokutwa havihesabiki.

Siku zile palikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana mwembamba mwenye miwani, akifanya utafiti wa shahada yake ya pili kwa viwavi hao hao. Lawama zikamwangukia yeye. Profesa alisema ameingiza dawa kutoka maabara ya jirani, si mwangalifu, aondolewe. Barua ikaandikwa. Msichana akalia stoo, katikati ya magunia ya unga.

"Mama, mimi sijaingiza kitu," akasema.

"Nyamaza kwanza. Machozi yana chumvi, na huo unga ni wa watu," akajibu Mama Viwavi. Msichana akacheka huku kamasi zinamtoka.

Ila Mama Viwavi mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameona kitu. Kulikuwa na trei moja, vikombe arobaini, ambayo viwavi wake walikuwa hai, wanono, wanajivua vizuri. Akasoma kibandiko. Ilikuwa ya siku aliyokwenda hospitali kupima macho, na yule msichana akajaza vikombe kwa niaba yake. Wa msichana wazima. Wake yeye wamekufa.

Akatazama kidole chake gumba.

Jioni akageuza ile chupa. Nyuma, kwa herufi ndogo kama mayai ya inzi, palikuwa na orodha ya vilivyomo. Katikati yake: mwarobaini. Kila fundi wa wadudu anajua mwarobaini unavyomfanya kiwavi. Humzuia kujivua ngozi.

Angeweza kunyamaza, wasikilizaji wapendwa. Angeacha kujipaka, viwavi wangepona, msichana angeondoka na fedheha yake, na hakuna ambaye angejua. Badala yake alijifanyia jaribio. Vikombe ishirini akavibonyeza kwa kidole chenye mafuta, ishirini kwa kijiko kisafi. Akasubiri siku nne. Wa kidole wakanyauka, wa kijiko wakajivua vizuri. Kisha akaandika kwenye daftari la maabara kwa wino: "Mafuta ya mikono. Kosa langu. Mwanafunzi hana hatia." Akalipeleka kwa profesa, akabaki amesimama.

"Umeandika mwenyewe, mama?"

"Mwenyewe."

"Unajua naweza kukufukuza kwa hili?"

"Najua. Ila nikiondoka mimi, leo saa nane vikombe arobaini vinahitaji chakula. Wengine wakubwa wa kuzalisha hatuna."

Profesa alilisoma daftari mara mbili, akaitoa ile barua ya msichana, akaichana. "Nenda kalishe," akasema. Kisha akauliza, "Mafuta yenyewe uliyatoa wapi?"

"Ni yangu," akajibu. Hilo tu ndilo alilolificha.

Viwavi wakarudi, wote kutoka ile trei ya arobaini. Lakini nyumbani chupa ilipanda juu ya kabati. Binti akauliza, "Mama, hujipaki tena?"

"Yananitelezesha, mwanangu."

Binti hakuuliza tena. "Nilinuna," ananiambia mwenyewe. "Nilisema moyoni, wadudu wamenishinda. Nikimwona anapuliza vile vidonda nilikuwa natoka nje."

Miaka tisa. Mikono mikavu miaka tisa, kinyongo miaka tisa, na chupa juu ya kabati.

Siku ya kustaafu, Mama Viwavi alirudi nyumbani na koti lake jeupe limekunjwa kwapani. Akapanda kigoda, akaishusha chupa, akaifuta vumbi.

"Njoo unipake," akamwambia binti. "Leo sina wa kumuua."

Ndipo akamweleza yote.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa umevaa sare mpya unang'aa. Nikwambie zawadi yako imeua viumbe zaidi ya elfu?"

Walicheka mpaka wakalia. Mafuta yenyewe yalikuwa yameshaharibika, yananuka. Binti akampaka hivyo hivyo. Kesho yake akanunua mengine, na kwa miaka miwili hakukosa jioni hata moja. Jumanne ile asubuhi pia alikuwa akimpaka, vidole vitatu vimekwisha, cha nne bado, ndipo mama akatutoka. Akamalizia vyote kumi.

Yule msichana wa miwani sasa ni mwalimu pale pale chuoni. Alifika msibani amechelewa, anahema. "Nisamehe, dada," akamwambia binti. "Nilikuwa nalisha." Binti akampokea mkono, akahisi ngozi kavu, iliyopasuka kwenye vifundo. Hakuuachia upesi.

Tunampa pole binti, tunampa pole dada wa marehemu, na wote wa ule mlango wa kijani. Mungu amlaze Mama Viwavi mahali pema.

Nasi tuliobaki, huenda kuna zawadi tuliyompa mtu wetu na hatujamwona nayo mpaka leo. Tusikimbilie kununa. Tukae naye jioni hii, tumshike mkono, tumuulize. Wale viwavi wa trei ya arobaini, kizazi chao, saa hii ninapozungumza kiko vikombeni. Mmoja, kikombe kimoja. Na kesho, sikukuu au si sikukuu, kuna mtu ataamka kukilisha.