Siri ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani, vidole vimevimba kwa baridi yabisi, alimnong'oneza mzee wa kiti cha pili, basi zima likasikia: "Vidonge vya maumivu vinanifungua mikono, baba, ila siku ya tatu leo napata choo cheusi kama lami. Daktari simwambii ng'o!"

"Mama, hiyo ni damu!" mzee akamaka.

"Akinikataza vidonge, gauni la bibi harusi nitashona kwa meno?"

Nami, abiria wa kiti cha nyuma yao, nikajitegea kitendawili: mgeni gani hufagia maumivu vidoleni, akawasha moto tumboni?

"Mimi magoti. Vidonge hivyohivyo vilinilaza wodini, tumbo limetoboka," mzee akasema.

"Ukaviacha?"

"Navimeza baada ya kula."

Basi likasimama hospitali. Fundi akainuka. "Haya baba, tushuke tukaungame wote kwa daktari."

Mzee akajibu kuwa kituo chake kiko mbele.