Mzee Radko: Alipigwa Mionzi Nyongani, Yakapona Mapafu

Marehemu Radko Penchev Dyulgerov alizaliwa hapa kijijini Tsareva Livada tarehe 14 Februari 1951, mtoto wa pili wa Pencho na Ivanka. Baada ya shule ya kijiji alisomea kazi ya reli mjini Gorna Oryahovitsa, akahitimu mwaka 1970 kwa alama ambazo mwenyewe hakupenda zitajwe.

Kwa miaka thelathini na minane alisimamia ishara za treni katika kituo chetu. Alikuwa akivuta wenzo chumbani mwake kituoni, na waya unashusha mkono wa ishara nusu kilomita kule mbele. Tarehe 28 Agosti 1976 alimwoa Tsonka, wakajaliwa mtoto mmoja, Lachezar.

Mwaka 2017 alitolewa figo yenye saratani. Machi 2019 ikaonekana imesambaa: nyongani, na madoa saba mapafuni. Madaktari wakampa miezi sita ya kuishi. Walimpiga mionzi nyongani tu, angalau maumivu yapungue apate usingizi, na Tsonka akaipiga pasi suti ya kumzikia. Oktoba akapimwa tena. Mapafu safi!

"Si mlimpiga nyongani?" Tsonka alimuuliza daktari. "Kifuani kumeponaje?"

"Mama, hata mimi sielewi vizuri. Huenda uvimbe wa nyonga ulipokufa, kinga ya mwili ikamjua adui, ikamfuata hadi mapafuni. Hutokea mara chache mno."

Radko akacheka. "Mnashangaa nini? Mimi nilikuwa navuta hapa, ishara inashuka kule."

"Wewe bwana ulikuwa na waya! Humo mwilini mwako kuna waya gani?"

Tsonka hakujua amshukuru nani, akawasha mishumaa kwa kila mtakatifu kanisani, asije akamruka yule aliyemponya.

Novemba 2023 ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye ini na uti wa mgongo. "Mpigeni tena, kama siku ile!" Tsonka alisihi. Wakapiga mgongoni, maumivu yakapoa, lakini ini halikusikia. Tangu hapo mkewe anajiuliza alikosea wapi: alichelewa kumpeleka? Aliomba vibaya? Tsonka, tunasema mbele ya watu wote: hukukosea popote. Hata waliosomea hawajui.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Machi 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, Tsonka. Mwana, Lachezar, na mkewe Denitsa. Na mjukuu, Bilyana, aliyezaliwa Juni 2020, ile miezi sita ikiwa imeshapita. Babu ndiye aliyemfundisha kutembea.

Pumzika salama, Mzee wetu.