Kanda Moja Isizungushwe

Mheshimiwa Kamishna wa Kaunti, Bwana Meneja, Mchungaji Goertzen, wafanyakazi wenzangu mlioteremka futi mia sita na hamsini ili kuniaga, na wewe Bi. Arlene Schrag uliyetuletea mikate: nawasalimu nyote kutoka ndani ya chumvi ya Kansas.

Miaka thelathini na moja nimetunza kanda za sauti za akiba humu mgodini. Shule niliiacha darasa la tisa, lakini mtaalamu mwenye shahada tatu alikuja kuniuliza kanda fulani itadumu miaka mingapi. Nikainusa. Nikamwambia kumi na minne. Ikakata roho mwaka wa kumi na nne, tena siku ya Jumanne niliyomtajia.

Nani hapa hajui sheria yetu? Kila majira ya baridi, kila kanda huzungushwa hadi mwisho, kisha hurudishwa. Ikiachwa ilale, mzunguko mmoja wa utepe huchapa sauti yake kwenye mzunguko wa jirani. Nami nimejisifu mbele yenu kwamba sijaruka hata moja.

Niliruka moja.

Miaka minne iliyopita Bi. Arlene aliteremka hapa. Nakala ya kwanza ya kanda ya simu za dharura za ile tufani ya theluji iliyomchukua mumewe, Merle, ilikuwa imeungua, ikabaki yetu tu. Nikaiweka kwenye mashine. Kabla mpokea simu hajasema halo, tukamsikia Merle kwa mbali, kama yuko nyuma ya ukuta: "Mwambieni Arlene asinifuate." Kisha halo. Kisha Merle tena, sauti kamili: "Mwambieni Arlene asinifuate."

Bi. Arlene hakulia. Aliniuliza, "Delbert, hii hukuizungusha, sivyo?"

"Miaka ishirini na miwili, dada. Kosa langu. Nikiizungusha mara tatu sasa hivi, mwangwi utafifia."

"Thubutu uone. Mume wangu ananiita mara mbili, wewe unataka kunipunguzia?"

Tangu hapo huja kila Februari kumsikiliza, nami hupima kwa saa. Mwaka wa kwanza mwangwi ulitangulia kwa sekunde mbili. Wa pili, tano. Wa tatu, kumi na moja. Lavonda, mrithi wangu, unacheka. Mwaka huu ulikuwa chumbani nasi, ulicheka?

"Sikucheka, Mjomba."

Hakucheka, kwa sababu tulimsikia Merle kabla sijabonyeza kitufe.

Bwana Meneja, agizo lako linasema Jumatatu kanda zote zizungushwe. Zungusheni zote elfu tisini, lakini sanduku la nne, rafu ya kumi na saba, liacheni lilale. Ndiyo zawadi pekee ninayoomba.

Na jambo la mwisho. Leo asubuhi, mashine ikiwa imezimwa na kanda ikiwa sandukuni, nilimsikia tena. Mlinzi wa lifti ananiambia huko juu theluji imeanza. Bi. Arlene, usizitafute funguo za gari lako, ninazo mfukoni. Usiku huu utalala kwetu.

Wengine nanyi msiharakishe kupanda. Asanteni kwa kunitegea masikio.