Dada Yetu na Seli za Mapafu Yake

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi baiskeli, nimetumwa na familia kuisoma karatasi hii, na palipo na mambo ya maabara mnivumilie, kwani yeye mwenyewe alinieleza mara tatu na mara zote nikaitikia tu.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya watano, akasoma shule ya msingi jirani na kituo cha reli, akamaliza sekondari mwaka 1986 na chuo cha maabara mwaka 1990, akaajiriwa hospitali ya mkoa, ambako kwa miaka thelathini na miwili alikaa kwenye darubini ya dirishani akihesabu seli za kinga zilizooshwa kutoka mapafu ya wagonjwa. Tarehe 4 Juni 1994 aliolewa na shemeji yetu, mwalimu wa hisabati, wakajaliwa binti na mvulana, ambao tangu wadogo hawakuruhusiwa kusema "nyingi", ilibidi waseme ngapi.

Februari 2022 kifua kilianza kumbana, mapafu yakaoshwa kwa maji yaliyoingizwa kwa mrija na kuvutwa tena, na sampuli, ambayo kwa utaratibu wao hubeba namba bila jina, ikamfikia mezani, akaimaliza ndipo tarehe ya kuoshwa ikamjulisha kuwa ni yake: katika kila seli mia, arobaini na moja ni zile zenye punje nyekundu, zinazochochea uvimbe, na kwa kawaida hazizidi moja. Alikwenda kwa mkuu wake akicheka, akaomba mwenzake wa meza ya pili azihesabu upya, wakapishana kwa seli mbili, wakabishana wiki nzima. Baada ya wiki sita za dawa za steroidi, za kutuliza uvimbe, zilibaki tatu, pumzi ikarudi, lakini yeye akabaki na swali, je, dawa imewaondoa wagomvi hao wekundu tu, au imewafukuza na walinzi, zile seli nyingine za kinga?

Oktoba vijidudu vilimwingia mapafuni, akalazwa, na tarehe 14 Novemba daktari akaomba kuyaosha tena, kutafuta vijidudu na, tukiridhia, kuhesabu seli kwa ajili ya lile swali lake. Mimi nilikataa hilo la pili, nikafoka pale koridoni kwamba dada yangu si daftari la mazoezi. Yeye, akiwa na barakoa ya oksijeni, hawezi kusema, aliomba kalamu akaandika: "Mdogo wangu, acha ukaidi. Nataka kujua." Nikatia sahihi. Alifariki tarehe 17, saa nne asubuhi, kabla ya majibu kutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutufulia, na wenzake wa maabara, hasa yule wa meza ya pili, aliyehesabu mara mbili na kuniletea majibu hapa leo asubuhi. Dada, nakusomea: zile nyekundu ni moja tu katika mia, lakini walinzi wengine wapo, wamejaa, walikuwa kazini mpaka mwisho, ingawa daktari anasema mgonjwa mmoja hathibitishi kitu, nawe ungesema hivyo hivyo. Jibu hili mimi nilitaka kukunyima, nisamehe, dada yangu, upumzike kwa amani.