Mkanda wa Tano Ulioshukia Msagali

Mchungaji wetu, wazee wetu, majirani wa Buigiri na Chamwino, nanyi mliotoka Dodoma mjini na Kolo alfajiri ya leo, shikamooni, na poleni kwa msiba huu ulio wetu sote. Familia imenituma mimi, Brighton, mjukuu wa marehemu, niyasome maisha yake kama alivyotaka yasomwe, yaani polepole, kwa tarehe zake, bila kuongeza kitu ambacho hakikutokea.

Marehemu Mzee Elieza Ndahani alizaliwa tarehe 9 Mei 1953 hapa Buigiri, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Ndahani Chidosa na Mama Erica, wakulima wa uwele na wafugaji wa mbuzi, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, akamaliza darasa la saba, akarudi kuchunga mbuzi wa baba yake kwa miaka mitatu, na watu wa rika lake wanakumbuka kwamba jioni alikuwa akiwasimulia wenzake yote aliyoyaona machungani, hata kama alichokiona ni mbuzi na miiba tu, na walikaa wakasikiliza.

Mwezi Februari 1971 aliajiriwa Dodoma mjini katika jumba la picha lililoitwa Sinema Zuhura, mali ya Mzee Hamza Athuman, mfanyabiashara mwenyeji wa Kolo, akianza kama mfagiaji, na kufikia mwaka 1974 akawa opereta, ndiye anayeendesha mtambo wa picha. Kwa kuwa filamu nyingi zilikuja kwa Kiingereza, na watazamaji wengi walikuwa wametoka vijijini, marehemu alishika kipaza sauti akawa anawaeleza kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu kwa Kigogo, nani ni nani na anataka nini. Kanuni yake ilikuwa moja, nayo aliirudia hadi uzeeni, kwamba msimuliaji haitangulii picha, wala haidanganyi.

Katika kazi hiyo ndipo ulipotokea mkasa uliompa marehemu jina la Opereta wa Msagali, na kwa kuwa wapo vijana hapa wanaolijua jina bila kujua chanzo chake, familia imeona ni haki kueleza.

Mwezi Julai 1976 Mzee Hamza alimtuma Dar es Salaam kuchukua filamu ya zamani ya rangi nyeusi na nyeupe, ambayo Mzee Hamza aliibandika jina la Kidani cha Treni, inayohusu mwizi wa vito aliyepanda treni ya wakubwa, ambamo kidani cha almasi cha mama mmoja tajiri kinatoweka kati ya stesheni mbili, treni haijasimama, mlango haujafunguliwa, na abiria wanane wanatazamana, kila mmoja akiwa na sababu ya kushukiwa. Filamu ilikuwa na mikanda mitano, minne marehemu akaitia kwenye gunia, wa tano haukuenea, akaubeba peke yake ndani ya kopo lake la bati la duara, akapanda treni ya kurudi, daraja la tatu, na kopo akaliweka chini ya kiti, katikati ya mizigo ya mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga mwenye kofia nyekundu.

Ijumaa tarehe 16 Julai, kukipambazuka, treni ilisimama Msagali kwa dakika chache, yule mama akateremka na mtoto mgongoni, akamwita kutoka chini, "Kaka, nishushie mizigo yangu, treni isije ikaondoka nayo!" Kama ilivyo desturi ya abiria wa reli yetu, aliye dirishani hushusha mzigo wa mwenzake bila kuuliza, marehemu akapitisha dirishani ndoo, masufuria mawili, tenga la kuku, na kopo la bati la duara, yule mama akamshukuru sana, filimbi ikalia. Alipofika Dodoma mchukuzi alibeba gunia hadi Zuhura, na marehemu, aliyekuwa hajalala, hakuhesabu.

Jumamosi ya tarehe 17 Julai saa tisa alasiri jumba lilijaa hadi watu wakakaa sakafuni, mikanda minne ikapita, mpelelezi akawakusanya abiria wote wanane katika behewa la chakula, akainua kidole amtaje mwizi, na hapo mkanda wa nne ukaisha, marehemu akanyoosha mkono kuchukua wa tano, mkono ukashika sakafu. Taa zikawashwa. Watu wakapiga miluzi, wakaita, "Opereta, mwizi nani?" Rafiki yake mmoja alimsogelea akamnong'oneza, "Tunga tu mwisho, nani atajua?" Marehemu alikuwa na umri wa miaka 23, alikuwa na kipaza sauti mkononi, na angeweza kumtaja yeyote kati ya wale wanane watu wakaenda nyumbani wameridhika, lakini alitoka kwenye chumba cha mtambo, akasimama mbele ya pazia jeupe, akasema, "Ndugu zangu, mwisho sina, nimeushusha kwa mikono yangu mwenyewe Msagali, na mwisho huo nitawaletea." Mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Kumbe mwizi ni opereta!" na jumba zima likacheka, na kicheko hicho kilimfuata miaka mingi, kila alipopanda treni wakimuuliza leo anashusha nini.

Mzee Hamza hakumfukuza kazi. Alimwambia, mbele ya watu, "Elieza, jumba hili lina jina la mama yangu, na leo limesema jambo halikulimaliza, kalimalizie." Waliotoa filamu waliandikiwa barua wakajibu kwamba nakala waliyokuwa nayo ilikuwa hiyo moja tu. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya ibada, marehemu alipanda treni kwenda Msagali, akatembea kijiji hadi kijiji akimtafuta mwanamke asiyemjua jina, mwenye tenga la kuku na mtoto wa kofia nyekundu.

Jumapili tarehe 24 Aprili 1977, mwendo wa saa mbili kutoka stesheni, aliona shamba la uwele linalometameta, akasogea, akakuta vipande vya filamu vimefungwa kwenye kamba kuanzia mwanzo wa shamba hadi mwisho, vikipepea kuwatisha kwelea kwelea, na juu ya dungu amekaa msichana akiamia ndege, ambaye alimuuliza, "Wewe kaka, unawaogopa ndege au unaiba uwele?" Msichana huyo alikuwa Emiliana, mdogo wake yule mama wa kwenye treni, aitwaye Loisi. Loisi alipoitwa alisikitika mno, akaeleza kwamba alidhani kopo ni zawadi kwa mtoto, na zawadi ya mgeni haiulizwi wala hairudishwi, hivyo kopo aliliwekea mbegu, na utepe wake ukalinda shamba. Siku hiyo marehemu na Emiliana walifungua vipande vyote, kimoja kimoja, jua na mvua vilikuwa vimekwisha kuvifuta vingi, na katika vilivyobaki palionekana mkono uliovaa glavu ukishika kidani, uso haupo, na mwishoni mistari ya majina, akavitia vyote ndani ya kopo lake alilorudishiwa.

Alirudi Msagali Jumapili iliyofuata, na nyingine, ingawa vipande vilikuwa vimekwisha, na tarehe 9 Septemba 1978 alifunga ndoa takatifu na Emiliana hapa Buigiri, baada ya baba mkwe kumwambia mbele ya wazee wa pande zote mbili, "Ulishusha mzigo wako kwetu, sasa unataka kupandisha wetu." Mungu aliwajalia watoto wanne, Gideoni, Loisi, Seth na Joshua, ambaye alifariki mwaka 1999, wajukuu kumi na mmoja, na vitukuu wawili.

Sinema Zuhura ilifungwa mwezi Machi 1991, na marehemu akafungua banda la video Chamwino, akiwasimulia watu filamu hadi mwaka 2008. Wasimuliaji wengine walitunga walivyopenda, naye hakuwalaumu, ila Kidani cha Treni, watu walipomwomba awasimulie kwa mdomo, aliisimulia hadi kidole cha mpelelezi kinapoinuka, akanyamaza. Mwaka 1994 alikwenda Kolo kumwona Mzee Hamza akiwa kitandani, Mzee Hamza akamuuliza, "Umeupata?" Akajibu, "Bado, Mzee." Mzee Hamza akasema, "Basi mimi natangulia, utakuja kuniambia."

Mwaka 2009 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, akatibiwa na kuendelea na shughuli zake, lakini mwaka 2021 macho yake yalizima kabisa. Hakuacha kuutafuta mwisho ule. Mwezi Juni mwaka huu alinipa kopo lake, akaniagiza nitazame kwa lenzi vile vipande vya mwisho, na katika utepe uliokuwa umelinda uwele nikasoma majina matatu ya waigizaji, na kwa majina hayo nikaipata filamu nzima, ikiwa imehifadhiwa mbali sana na hapa, nikatumiwa kwa simu. Nilimfungulia mwanzo tu ili athibitishe kuwa treni ni ileile, akaisikia inavyoanza, akashika magoti yake, akasema, "Ndiyo yenyewe. Funga. Usitazame mbele, nitakujua kwa sauti."

Alipanga ionyeshwe Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa kanisa letu, akawapigia simu watazamaji wa mwaka 1976 waliobaki, mmoja mmoja, akapata kumi na tisa, na kila jioni alinifundisha kusimulia, kwani safari hii msimuliaji nilikuwa niwe mimi, na yeye awe miongoni mwa wanaosimuliwa.

Tarehe 21 Oktoba figo zilizidiwa, akalazwa hospitali Dodoma mjini. Tarehe 2 Novemba, Bibi alimsihi, "Baba Gideoni, sikiliza basi hata zile dakika za mwisho, mtoto anayo simu hapa." Alijibu, na nafasi ya kupumua ilikuwa ndogo, "Mama Gideoni, wale watu niliwaweka wote ndani siku moja, siwezi kutoka peke yangu nikawaacha." Alifariki dunia Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka 72, miezi mitano na siku 26, na hakumjua mwizi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, majirani waliochota maji, kukata kuni na kusonga ugali tangu Jumanne, mchungaji na wanakwaya, ndugu wa Mzee Hamza waliokuja na jeneza begani kama watoto wa nyumba hii, Mama Loisi wa lile tenga la kuku, aliyefika kutoka Msagali na uzee wake, na watazamaji wa Zuhura, nyote kumi na tisa mliopo hapa, ambao jana usiku mlituuliza kwa aibu kama tarehe 15 imeahirishwa.

Haikuahirishwa. Saa ni ileile tisa, ukumbi ni uleule, kiti cha mbele kitakuwa na kopo la bati la duara, na anayejua mwisho kwa njia yoyote tunamwomba afunge mdomo wake. Mimi nitasimulia, sitaitangulia picha, wala sitaidanganya.

Pumzika kwa amani, Babu, na Mzee Hamza akikuuliza kama umeupata, mwambie mwisho umekwisha kupakiwa, avute subira hadi Jumamosi.